Radhi ya Jikoni

Sahani za hitma zilikuwa bado zinaoshwa uani pale Nassir, mtoto wa kaka yangu, alipovuta mbuzi ya kukunia nazi akaikalia, mwanamume mzima na suruali yake ya pasi, akaniuliza, "Shangazi, hebu niambie. Zile nyumba za benki ulikuwa unazipataje kwa bei ile?" Ilikuwa arobaini ya Bi Mwanatumu, watu hawajakauka mikono, na huyu ameshafungua simu ananionyesha picha za nyumba zinazopigwa mnada kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui: hii benki imeichukua, hii mwenyewe kashindwa kulipa, hii inakwenda kwa nusu ya thamani yake. Macho yanamng'aa. Nilitaka kumpiga kofi, na papo hapo nikataka kucheka, kwa sababu macho yale nayajua. Nilikuwa nayo mimi mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa siwezi kukaa kitako pahala pamoja hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nikamwambia, "Nyumba inaulizwa jikoni, Nassir." Akafikiri namfukuza. Akaenda jikoni, akarudi na chai.

Habari za kwetu, nani kamzaa nani na nani alikuwa na minazi ya wapi, siziingizi hapa, hazikunisaidia kitu mwaka ule. Itoshe kwamba nilikuwa nimeachwa, eda imekwisha, na nimerudi kwa kaka yangu na dhahabu yangu imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la biskuti. Nililala chumba cha watoto, na magunia ya mchele yalikuwa chini ya kitanda changu, kwa hiyo kila asubuhi wifi yangu aliingia na kibaba chake bila kubisha, akiinua shuka yangu kama anainua kawa juu ya sahani. Hakuwa mtu mbaya. Ila nyumba ilikuwa yake na mchele ulikuwa wake, na jioni, nyuma ya pazia, nilimsikia akimwambia kaka yangu, "Bado mbichi yule, ataolewa tena, tuvumilie." Tuvumilie! Nilitoka nikazunguka mtaa mzima wa Shela, Shela yetu ya Malindi, siyo ile ya Lamu, nikazunguka tena, hadi wazee barazani wakaanza kunisalimia kama mtu anayetoka safari. Sikutaka mume wala ubaba wa kaka yangu. Nilitaka mlango ambao nikiufunga hapana mtu wa kuniuliza kwa nini nimeufunga. Nilitaka hilo tu, na nilikuwa tayari kuitoa dhahabu yote kwa ajili yake, na hofu yangu ilikuwa moja, kwamba nitaitoa dhahabu na mlango nisiupate.

Aliyeniokota ni Bi Shamsa. Mji ulimjua kwa kanga, alikuwa na duka karibu na soko, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza na kicheko cha kukutoa kikombe mkononi. Waliojua kidogo zaidi walijua kwamba nyumba nyingi alizopangisha kwa walimu na wauguzi wa kutoka bara alizinunua kwenye mnada wa benki. Nilikwenda kununua kanga ya doti moja, akanishika mkono. "Wewe ndiye unayetembea tembea?" akaniuliza. "Kaa. Hukai? Haya, simama basi, lakini kula." Akanipa mkate wa mofa na samaki wa kupaka, nikala nimesimama mlangoni, mchuzi wa nazi unanitiririka hadi kifundo cha mkono. Nikamwambia nina dhahabu na nataka nyumba. Hakucheka. Alifuta mikono, akaniambia niende kwake kesho yake baada ya adhuhuri, na nije na viatu vya kutembelea.

Miezi ile ya kaskazi tulitembea, wallahi tulitembea. Tulikwenda Watamu, ambako kila mtu alikuwa ameshikwa na wazimu wa viwanja vya ufukweni kwa sababu Wataliano walikuwa wanajenga hoteli, na Bi Shamsa akaviangalia viwanja vile kama mtu anayeangalia nyama iliyolala. "Hii si bei, hii ni homa," alisema. "Mtu akinunua na homa, anauza na baridi." Tulikwenda Kilifi, tukavuka mji hadi nyumba moja nzuri ya mawe ambayo benki ilikuwa inaitafutia mteja tangu masika yaliyopita, na mimi moyo ukanipiga, nikasema ndiyo hii. Bi Shamsa hakuingia sebuleni hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja jikoni, kisha chooni, kisha kisimani. Aliomba maji, akayasukutua, akayatema. Akakwaruza chokaa ya ukuta kwa ukucha, akalamba kidole. "Mchanga wa pwani huu," akaninong'oneza. "Waliona uvivu kununua mchanga wa mtoni. Ukuta huu una chumvi ndani, utatoka jasho kila mwaka mpaka uanguke." Alikuwa na sindano ya kushonea magunia, ameichomeka ndani ya kilemba cha mtandio wake, na akipanda juu ya kiti aliichoma ndani ya boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati ya boriti, aliniambia, kila boriti ni nzima. Huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, ambako mwenye kuuza hakuonyeshi. Sindano ikizama, tunaaga. Pale Kilifi ilizama yote.

Nilikuwa namuuliza kila siku kwa nini benki iuze nyumba nzuri kwa bei ya kutupa. Alinijibu huku tunatembea, kwa vipande vipande. Mwenye benki yuko mbali, haijui nyumba, anajua deni tu. Akishapata deni lake hana haja ya zaidi. Wanunuzi wa kutoka Mombasa na Nairobi wanauliza kwanza gari inafika, na nyumba zetu ziko kwenye vichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Na watu wa mji wenyewe, wanaojua thamani yake, hawanunui. "Kwa nini hawanunui?" "Nani anunue nyumba ya jirani yake huku jirani analia? Nani atamswalia akifa?" Hapo ndipo alipopata riziki yake Bi Shamsa. Yeye hakwenda mnadani kabla hajaenda kwa wenye nyumba. Alikwenda mapema, akapiga hodi, akasema waziwazi: nyumba hii itauzwa, mkitaka msitake, ninunue mimi au anunue mtu msiyemjua? Nitawapa muda wa kuhama kwa heshima na kitu cha kuanzia, na nyinyi mnipe radhi. Wakisema "tumekupa radhi", alinunua. Wasiposema, hata nyumba ingekuwa ya bure, alipita. Wapangaji wake walikaa miaka. Kwenye harusi zake mtaa ulijaa. Ilikuwa biashara na ilikuwa utu, na yeye hakupoteza wakati kuvitenganisha.

Basi nyumba yangu ikaja. Ilikuwa hapo hapo Shela, nyuma ya msikiti mdogo, nyumba ya ghorofa moja ya mawe yenye ukumbi, vyumba viwili, na ua wenye kisima cha maji matamu. Mwenyewe, Mzee Seif, aliiweka rehani benki akanunua lori la kubeba korosho kupeleka Kilifi. Lori likafa, deni likabaki hai. Sindano haikuzama popote. Chokaa haikuwa na chumvi. Nilisimama kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo, nikauona mlango wake wa mninga, na nikajua kwamba nikiukosa huu nitaugua. Bi Shamsa akaniambia nisiwe na pupa, kwanza radhi. Tulimkuta Mzee Seif barazani kwake, baina ya alasiri na magharibi, amevaa kofia safi ya vito, amekonda. Shikamoo, marahaba. Tulisema tuliyokuja kuyasema. Mzee alitazama chini, akazungusha tasbihi, kisha akamtazama yeye Bi Shamsa, akasema, "Bora mtoto wa mtaani kuliko mgeni. Radhi nimekupeni, duniani na akhera." Machozi yalinitoka. Ndani, nyuma ya pazia la ukumbi, nilisikia mchi ukitwanga kwenye kinu, ukaacha kidogo, ukaendelea. Sikuujali. Bi Shamsa naye, na ujuzi wake wote, hakuujali.

Dhahabu niliiuza kwa sonara, na sitaki kueleza nilivyotoka dukani mwake na shingo tupu. Mnada ulipigwa asubuhi, nje ya posta, dalali na kengele yake, na watu wa mji wamesimama upande wa pili wa barabara kama hawajui kinachoendelea. Alikuwepo bwana mmoja wa suti kutoka bara. Aliongeza bei mara moja, kisha akamgeukia kijana wa dalali: "Gari inafika mlangoni?" Akaambiwa haifiki. Akafunga mkoba wake. Mkono wangu ulikuwa juu, na sauti iliyosema bei ilikuwa yangu, na kengele ikalia. Nililipa robo papo hapo, na iliyobaki ndani ya mwezi kama walivyotaka. Bi Shamsa alinikumbatia akanipaka jasho na asumini. Nilifikiri yamekwisha.

Mzee Seif alihamia kwa ndugu yake Mambrui. Mkewe, Bi Mwanatumu, alikataa kumfuata. Alichukua chumba cha kupanga mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, akaondoka kwa mlango wa uani bila kumuaga mtu, na mvua ya kwanza ikanyesha siku hiyo. Niliingia na godoro, jagi na kopo la biskuti tupu. Usingizi wangu wa mwanzo ndani ya nyumba yangu ulikuwa mzuri mno. Kisha nikamwita fundi. Paa lilihitaji kupakwa chokaa upya kabla masika hayajapamba moto, na fundi hodari wa kazi hiyo alikuwa Kahindi, Mgiriama wa kutoka upande wa Gede, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa. Alipanda, akakagua, akashuka, akakataa. "Kahindi, bei ndogo?" "Bei si mbaya, dada." "Basi nini?" Aliangalia jikoni, akaangalia miguu yake. "Mama wa hapa alitoka akilia. Nilikutana naye njiani na sufuria kichwani. Mimi sipandi juu ya nyumba ambayo mama ametoka akilia. Nina watoto." Nikamwambia mwenyewe katoa radhi, mbele ya shahidi. "Mwenyewe nani?" akaniuliza, na hakuwa ananikejeli. Nilimfukuza kwa hasira. Nilikuwa na hasira nyingi wakati ule, nilizitoa kwa yeyote aliyekaribia.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia na masika. Maji yalipita kwenye paa, nikatandaza mabakuli chumba kizima. Nanyi mnajua Ramadhani ya mtaani kwetu ilivyo: karibu na magharibi sahani zinapita kutoka nyumba hadi nyumba, zimefunikwa kawa, kaimati kwa huyu, viazi vya nazi kwa yule, na sahani haimrudii mwenyewe bila kitu ndani. Siku ya kwanza nilipika tambi za sukari, nikazitia iliki, nikampelekea jirani wa kulia. Mtoto akairudisha sahani yangu kabla ya isha. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa, tupu. Nikafikiri wamesahau. Nikapeleka kwa jirani wa kushoto. Ikarudi imeoshwa, tupu. Hawakunitukana, hawakuninunia, asubuhi walinijibu salamu yangu vizuri kabisa. Nilifuturu peke yangu kwa tende na maji, mvua inapiga mabakuli, na mlango wangu wa mninga nimeufunga, na kweli hapana mtu aliyeniuliza kwa nini nimeufunga. Nililia kwa sauti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba dhahabu nimeitoa na nyumba sijaipata.

Nilimwendea Bi Shamsa nikiwa nimelowa mpaka mifupa. Nikamweleza sahani. Aliacha kukunja kanga. Akajipiga paja. "Ule mchi!" alisema. "Ya Rabi, ule mchi! Ulisimama." Alimtuma mtu kuuliza, na jibu likarudi kabla ya tarawehe, kwa sababu wanawake wa mtaa mzima walilijua isipokuwa sisi wawili wenye akili. Nyumba ile ilijengwa kwa dhahabu ya Bi Mwanatumu. Aliuza kekee zake na vipuli vyake na mkufu wa mama yake, ndivyo yalivyonunuliwa mawe na boriti. Karatasi ikaandikwa jina la mume, kama ilivyokuwa ada, na mume akaipeleka karatasi benki bila kumwambia. Bi Shamsa alisema, "Miaka yote nimekwenda barazani nikaomba radhi kwa wanaume, na ilinitosha kwa sababu wake zao walikuwa wamekubali ndani. Sikujua kwamba ni bahati, nikaiita ujuzi." Alitaka kwenda yeye. Nilimkataza. Shingo tupu ilikuwa yangu.

Kisumu Ndogo wakati wa mvua ni matope na kuku. Chumba cha Bi Mwanatumu kilikuwa cha udongo na makuti, na mbele yake alikuwa amejenga kibanda cha kuuzia, kwa sababu baada ya kuondoka Shela hakukaa kulia, alianza kupika. Ramadhani alikaanga kaimati na viazi vya karai. Baada ya Idi, nilipomwendea, ikawa mahamri na mbaazi za asubuhi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na macho ya kumfanya mtu ajikague nguo. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza hotuba yangu niliyoipanga njia nzima, kwamba na mimi nimeuza dhahabu yangu, kwamba sikujua, kwamba Mzee Seif alishatoa radhi. Hapo alinikata. "Seif katoa radhi yake. Yangu kaitoa nani?" Akageuza mahamri kwenye karai. "Umekuja kutaka neno, au umekuja kukanda?" akaniuliza, akanisukumia beseni la unga. Nikakanda. Nilikanda vibaya, akaniambia hivyo mbele ya wateja. Nilipoondoka sikupewa neno, nilipewa mahamri mawili kwenye gazeti, na nilikula yote mawili njiani, nina hasira hadi masikio yanachemka, na yalikuwa matamu.

Nikarudi. Kesho yake nikarudi, na wiki ya pili, na wakati wa kusi, na mvua za vuli. Sijui nilikuwa mpole kiasi gani. Nilikuwa mkaidi, basi. Kila siku nilijiambia leo atasema. Nilijifunza kukanda mpaka unga uachie beseni wenyewe. Nilijifunza mbaazi zinataka tui gani la mwanzo na lipi la mwisho. Alinitukana kwa ufundi, "Wewe Mishi, mikono yako imesomea wapi, gereji?" na wateja wake, wapagazi na wanawake wa soko, wakacheka na mimi nikajifunza kujibu. Nyumbani kwangu mabakuli yalibaki chini ya paa, na sahani zangu nilikuwa nimeacha kuzipeleka kwa mtu. Kaka yangu alikuja mara moja akaniambia niiuze kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anatafuta nyumba za kale, nipate faida, nirudi kwake. Faida ilikuwa kubwa, sikatai. Nilizunguka Shela yote nikiifikiria. Lakini ningekuwa nimerudi kwenye magunia ya mchele, na mwanamke yule wa Kisumu Ndogo angekuwa ameipoteza nyumba yake mara ya pili, kwa mtu ambaye hata kwenda kumtukana asingeweza. Nikakataa, na nilipokataa ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sasa sikuwa na njia nyingine.

Ilikuwa kaskazi imerudi, asubuhi, karai liko motoni. Nilikuwa nalalamika juu ya macho yangu. Nikasema moshi wa jikoni kwangu unaniua, sijui jiko lile lina nini, tangu nihamishe mafiga nikayaweka chini ya dirisha ndio... Bi Mwanatumu aligeuka na mwiko mkononi. "Umeyaweka wapi?" "Chini ya dirisha." "Dirisha la upande wa bahari?" "Ndiyo, kuna mwanga..." "Ala! Na kaskazi hii? Unataka kuichoma nyumba? Moshi wote si unaingia ukumbini, unakula chokaa, unazifanya boriti nyeusi? Nani kakwambia uyaguse mafiga yangu?" Aliliteremsha karai. Aliwaacha wateja wamekaa na vikombe vyao. Alitwaa buibui lake, akatoka, na mimi nyuma yake nakimbia kama mtoto aliyechelewa chuo cha Kurani. Kutoka Kisumu Ndogo hadi Shela hakusema nami neno. Alipita sokoni, akapita dukani kwa Bi Shamsa, ambaye alitoka nje na kanga begani akatutazama, mdomo wazi. Alipita mbele ya baraza za majirani zangu wote, wa kulia na wa kushoto, wanawake wamesimama milangoni, akazunguka nyuma, akaingia nyumba ile kwa mlango wa uani aliotokea siku ya mvua.

Nilimkuta jikoni amepiga magoti. Alikuwa ameyashika mafiga kwa mikono mitupu, moja baada ya jingine, akiyaburuta mpaka kwenye pembe ya upande wa kisima, huku akinigombeza kwa sauti iliyosikika msikitini. Kwamba mimi ni mpumbavu. Kwamba pembe ile aliichagua yeye, alikaa msimu mzima akitazama upepo kabla hajaweka jiwe. Kwamba Seif hakujua hata jiko liko wapi. Alilia huku akisema, na mimi nikalia, na sote wawili tukasukuma jiwe la mwisho. Kisha akawasha moto. Moshi ukapanda wima, ukavuka ukuta, ukaenda zake. Tuliutazama. Akaniuliza nina nini cha kupika, nikasema ndizi na papa mkavu, akasema lete. Tulikula pale pale chini, hatukutandika mkeka. Hatujanawa, hodi ikabishwa, na alikuwa mtoto wa jirani wa kulia, na sahani imefunikwa kawa. Ilikuwa na mikate ya kumimina, ya moto. Siku ya pili Kahindi alikuja mwenyewe, hakuitwa, akasimama chini ya ngazi akauliza chokaa iko wapi.

Nilipomsindikiza Bi Mwanatumu jioni ile nilimuuliza. "Sasa, mama, umenipa radhi?" Akavuta buibui. "Radhi? Tutaona mwakani." Na mwaka ulipokwisha nikamuuliza tena, akasema mwakani. Ikawa desturi yetu. Nilinunua nyumba nyingine kwenye mnada baada ya hiyo, nikiwa na Bi Shamsa na kisha bila yeye, Mungu amrehemu, na kila mahali tulipiga hodi mlango wa uani kwanza, tukamuuliza anayepika. Kuna nyumba nzuri nilizoziacha kwa sababu mwanamke mmoja alitikisa kichwa juu ya chungu, na watu wakaniona mjinga. Lakini nyumba ya Shela, ile ya kwanza, ilibaki ina deni la neno moja. Kwa hiyo nilikwenda. Nilikwenda Kisumu Ndogo nikiwa na wateja wanaonisubiri, nikiwa mgonjwa, nikiwa nimeolewa tena na nikiwa mjane. Alipozeeka nikamwambia arudi akae chumba cha nyuma, akakataa, akasema yeye na matope yake wameshazoeana, ila Ijumaa alikuja kupika, na mafiga hakuna aliyethubutu kuyasogeza.

Siku chache kabla hajafa nilikuwa nimekaa karibu na kitanda chake nikimpepea. Sikumuuliza. Niliona aibu kumuuliza mtu anayekwenda. Ni yeye aliyeanza, macho amefumba. "Mishi, mwaka huu hukuniuliza." Nikamwambia basi, mama, umenipa radhi? "Nilikupa siku ile ya mafiga," alisema. "Moshi ulipotoka nikasema moyoni, na akae." Kipepeo cha ukili kilinianguka. Nilikasirika, sitaficha, nilikasirika mbele ya mgonjwa. Miaka yote ile! Nimelala na shaka ndani ya nyumba yangu, nimekwenda na kurudi kwenye jua na matope, na neno lilikuwa limeshatolewa tangu ule mlo wa papa! "Kwa nini hukuniambia?" nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kubwa. Akafumbua macho, yale yale ya kumfanya mtu ajikague nguo. "Ningekwambia, ungekuja?"

Nassir alikuwa bado amekaa juu ya mbuzi ya nazi, chai imepoa, ananisubiri nimpe siri ya bei. Sahani ya mwisho ikawekwa juu ya nyingine. Nilimjibu yeye nilivyomjibu Bi Mwanatumu, kwa haraka, bila kufikiri, "Ningekuja," na Nassir hakuelewa nazungumza na nani. Bi Mwanatumu, siku ile kitandani, alielewa. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Muongo wewe," na mimi nikacheka naye, nikamtilia maji.